Kelele Inayoona

"Hakuna anayepumua huko chini."

Maneno hayo ndiyo tuliyolala nayo wiki nzima baada ya siku ile. Aliyasema Injinia Githinji akiwa amesimama mlangoni mwa hema jeupe, vidude vya kusikilizia vikining'inia shingoni, mbele ya watu wote wa mtaa wa Umoja waliozunguka kifusi cha nyumba ya Mzee Gachanja. Na aliyasema akimwangalia Wacera, mchumba wake, ambaye mdogo wake Shirleen alikuwa chini ya kifusi hicho hicho.

Wacera hakulia. Akina mama waliosimama karibu walimshika mabega wakingoja aanguke wamdake, lakini hakuanguka. Alikuwa anauangalia mdomo wa Githinji.

Mdomo ulikuwa unang'aa mafuta. Kwenye kona yake palikuwa na jani la dania.

Mwanamume yule alikuwa anakula smoki, ile soseji ya barabarani, na kachumbari humo ndani. Watu wako chini ya mawe, yeye anauma, anatafuna, anajilamba, kisha anatoka kuwaambia watu kwamba wamekufa.

Mate yakamjaa Wacera mdomoni. Akayatema chini, kando ya kiatu chake, na akina mama wakadhani ni uchungu.

"Pole, mpenzi," Githinji akasema. "Nimejaribu. Mashine imesikiliza kila mahali."

"Imesikiliza," Wacera akasema.

"Kila kona."

Nyumba ile ilikuwa imeanguka asubuhi, jua likiwa bado changa. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya Umoja, ile ya serikali ya zamani, iliyoongezewa ghorofa juu ya ghorofa mpaka ikawa nyembamba kama sanduku la viatu lililosimamishwa wima. Shirleen alikuwa amepanga chumba ghorofa ya kwanza. Alipata kupiga simu mara moja tu baada ya kuanguka. Alisema, "Siste, niko hai, chaji ni kidogo," na Wacera akamkatiza hapo hapo.

"Usiongee! Niflashie tu. Ilie mara moja, ukate. Nitajua uko."

Na Shirleen akawa anaflashi. Simu ya Wacera inalia mara moja, inanyamaza. Muda unapita, inalia tena, inanyamaza. Ilikuwa kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Wacera alikuwa ameishika simu ile kifuani na mikono yote miwili.

Kisha hema likaja. Jenereta ikawashwa. Mashine ya Githinji ikaanza kazi yake ya kutafuta watu, na flashi zikakoma.

"Chaji imeisha," watu wakamwambia. Sasa Githinji alikuwa ametoka kusema haikuwa chaji.

"Wesonga!" Mzee Gachanja akaita. Alikuwa mtu mnene wa koti la ngozi, na tangu asubuhi alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. "Umesikia Injinia. Washa hiyo kitu, tusafishe hapa."

Wesonga alikuwa juu ya tingatinga la njano, kubwa, kijiko chake kikiwa kimeelekea kifusi. Hakuwasha.

"Mzee, mna hakika? Mimi sitaki kuchota mtu."

"Mashine imesema."

"Mashine imesema, sawa. Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Nasema washa! Nimekuleta hapa kuhubiri?"

Wacera akapita katikati ya watu mpaka chini ya gurudumu la minyororo. Akainua uso.

"Baba, nipe muda kidogo."

"Wa nini, dada yangu?"

"Bado sijui."

Wesonga akamtazama. Akamtazama Gachanja. Akajikuna shingo.

"Oili," akasema kwa sauti kubwa. "Lazima niangalie oili kwanza. Hii kitu ikikauka oili tutalia sisi wote." Kisha kwa sauti ndogo, "Oili naweza kuiangalia polepole. Lakini si sana."

*

Wacera hushona katika soko la Gikomba. Nguo za mitumba zikifunguliwa yeye hupunguza viuno, hufupisha miguu ya suruali. Kazi ile humfundisha mtu kutazama mshono kabla ya kuukata. Basi akaitazama simu yake vile vile, bila haraka, ingawa moyo ulikuwa unampiga teke.

Chaji ya kwake ilikuwepo, tena nyingi. Ila ile alama ya netiweki juu ya kioo haikuwepo. Palikuwa peupe.

Akageuka kuwatazama watu. Mbona hakuna mwingine aliyelalamika? Watu wa huku Eastlands wanyimwe netiweki wanyamaze?

Ndipo akakumbuka. Hema lilipofika tu, kijana wa Gachanja mwenye kipaza sauti alikuwa amepita akitangaza, "Wazazi, vijana, tuzime simu! Zimeni kabisa, tusikilize walioko chini!" Na watu walizima, kila mmoja, kwa sababu kila mtu hapa anajua nyumba ikianguka watu hunyamaza ili wasikie wanaogonga. Hata makanga wa matatu walizima. Hata mlevi mmoja aliombwa azime, akatoa simu isiyo na betri, akaonyesha kwamba imezimwa tayari.

Kati ya waliozunguka kifusi, ni Wacera peke yake hakuzima, kwa sababu alikuwa anangoja flashi.

Akavuka barabara mpaka duka la maziwa la Mama Sabrin.

"Mama Sabrin, netiweki iko?"

"Netiweki gani, abaayo, dada yangu? Mimi naita Eastleigh waniletee maziwa, hakuna. Natuma pesa, hakuna. Tangu hilo hema la bwana wako lisimame, simu yangu ni tochi tu."

"Tangu hema?"

"Wallahi. Hema juu, simu chini." Mama Sabrin akamkazia macho. "Kwa nini unaniangalia hivyo?"

Wacera alianza kutembea kando ya ukuta kuelekea kona ya kanisa, simu ikiwa mbele yake kama mtu aliyebeba mshumaa kwenye upepo. Peupe. Peupe. Alipopita kona, alama ikarudi. Akampigia Shirleen, sauti ya kampuni ikamjibu kwamba hapatikani. Akarudi nyuma kidogo, alama ikazama. Akaenda mbele, ikarudi. Akarudia tena, maana hakutaka kumwonea mtu.

Kadiri alivyolikaribia hema, simu ilikuwa inakufa.

Akaligeukia hema. Mbona basi Shirleen asinyamaze? Na yeye yuko chini ya kifusi, kando ya hema lenyewe?

*

Mlinzi wa mlangoni alikuwa na rungu na miwani ya jua.

"Madam, hapa ni kazi ya wataalamu."

"Mimi ni wa Injinia."

"Aah! Shem wetu! Pita, shemeji, pita. Na pole sana."

Ndani palikuwa na joto na harufu ya vitunguu. Katoni za maji ambazo wasamaria walileta kwa ajili ya majeruhi zilikuwa zimepangwa pembeni, na chupa moja ilikuwa imefunguliwa, imetumika kunawia mikono. Mashine ilikuwa juu ya meza, sanduku la kijivu lenye sahani mbili bapa zilizoelekezwa kwenye kifusi. Kwenye kioo chake mstari wa kijani ulikuwa umelala tu, umenyooka.

Githinji akaruka kutoka kwenye kiti, karatasi ya smoki mkononi.

"Wacera! Mpenzi, huku si pahali pako, utaumia bure."

"Mashine yako inafanya nini?"

"Inatafuta watu. Si nilikueleza? Tuliongea juu yake siku ile wazee wangu walipokuja kwenu mtaa wa Ziwani."

Walikuja, ndiyo. Walikaa kwenye sebule ya mamake Wacera wakajitambulisha, na Shirleen ndiye aliyewamiminia uji, akamcheka Githinji kwa kupiga magoti vibaya.

"Inatafuta watu na nini tena?"

"Na nini tena vipi?"

"Githinji. Nimetoka hapa mpaka kona ya kanisa nikarudi. Nimeona."

Na unajua alichofanya? Alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyepata wa kumwonyesha kazi yake.

"Umegundua mwenyewe? Wewe ni mkali, bana. Sikiza." Akasogea karibu, na ile dania bado iko mdomoni. "Watu wote wa kazi hii wana mashine mbili. Moja ya kuona, moja ya kuziba simu na redio. Zikiwashwa pamoja, ya kuziba inaipofusha ya kuona. Zinagombana zenyewe. Mimi nikajiuliza, kwa nini isiwe wimbi moja? Fikiria uko Gikomba, mimi nasimama katikati napiga kelele ambayo haina maneno. Wewe na mteja wako mtasikizana?"

"Hapana."

"Hamtasikizana. Nimewaziba. Lakini kelele yenyewe nimeitunga mimi, naijua mwanzo mpaka mwisho. Ikigonga ukuta ikarudi, naitambua. Ikigonga kifua cha mtu anayepumua, inarudi ikitetemeka, naitambua. Kwenu ni kelele, kwangu ni tochi. Kelele moja, kazi mbili! Hakuna mtu hapa Kenya ameifanya."

"Simu ya Shirleen umeiziba."

"Simu zote. Si yake peke yake."

Alisema hivyo kama mtu anayejitetea kwamba hana upendeleo.

"Kwa nini?"

"Mzee ndiye anataka. Walioko chini walikuwa wanapigia redio, Wacera. Wanasema mambo. Eti mzee alikuwa anavunja nguzo za chini atengeneze maduka na watu wakiwa ndani. Mambo kama hayo yanaleta taharuki."

"Walioko chini," Wacera akasema polepole. "Si umesema hakuna anayepumua?"

Macho ya Githinji yakakimbilia kwenye kioo, na Wacera akayafuata. Kando ya kioo palikuwa na kitufe cha kuzungusha, kimezungushwa mpaka mwisho wa upande mmoja.

"Hiki ni cha nini?"

"Hicho ni... nguvu ni ile ile, unajua. Unaigawanya. Ukizidisha ya kuziba, unapunguza ya kuona."

"Na sasa imegawanywa vipi?"

"Wacera."

"Vipi?"

"Kuziba imechukua karibu yote."

"Kwa hivyo ilivyo sasa inaweza kumwona mtu chini ya zege?"

Githinji akaikunja karatasi ya smoki.

"Inaweza kuona paka? Inaweza kuniona mimi hapa?"

"Nikipunguza, simu zitaamka! Huwezi kupata vyote. Ikiona vizuri, watu wataongea. Watu wakinyamazishwa, haioni. Hiyo ni hesabu, mpenzi, si roho mbaya."

Mkono huu wa Githinji uliokuwa unampapasa Wacera bega ndio alioruhusu umvishe pete. Aliusogeza kwa vidole viwili, kama unavyoondoa kombamwiko kwenye mkate.

"Hukuwasikiliza kabisa," akasema. "Umewanyamazisha, halafu ukatoka ukasema wamenyamaza."

Nje, tingatinga likakohoa. Likanguruma. Ardhi ya hema ikaanza kutetemeka.

Oili ilikuwa imeisha kuangaliwa.

*

"Zungusha kitufe," Wacera akasema.

"Siwezi. Mzee..."

"Mzee yuko hapa," sauti ikasema nyuma yao.

Mzee Gachanja alikuwa ameingia, kijiti chake mdomoni, akiwa ametulia kama mtu aliyeingia sebuleni kwake.

"Mama, toka nje. Tunakuhurumia, lakini toka. Mazishi nitasaidia."

"Kuna watu hai huko chini."

"Nani kasema? Injinia, kuna watu hai?"

Githinji akatazama viatu vyake.

"Mashine haijaonyesha, mzee."

"Umesikia? Hii mashine nilimlipia mimi. Wapangaji walikuwa wameniweza. Nawapa notisi wahame, wanafungiana na kufuli kwa nje, wanakaa ndani kimya kama panya. Keretaka wangu wa nyumba akifika anaona kufuli, anasema hakuna mtu. Akiondoka wanapigiana simu, kufuli zinafunguliwa, ugali unapikwa! Mimi nikasema nataka kitu kinachopita mlango, na wakati huo huo kinawafunga mdomo wasiambiane. Huyu kijana akakitengeneza. Kijana ana akili."

Githinji, Mungu wangu, alifurahi kusifiwa. Masikio yalimsimama.

Wacera aliangalia chini. Waya mweusi ulitoka kwenye mashine, ukapita chini ya meza, ukaenda kwenye soketi ya jenereta pale karibu na pazia. Akaanza kuuendea bila kukimbia, kama mtu anayetoka alivyoambiwa. Gachanja akampisha. Kisha akaona macho yake yanaelekea wapi, akamkamata mkono.

"Wewe! Usiguse!"

Mkono wa mzee ulikuwa na jasho na harufu ya nyama choma ya jana. Wacera akauinua mpaka mdomoni, akauuma. Aliuma mpaka kijiti kikaruka.

"Mama yangu wee!"

Akajirusha, akaushika waya kwa mikono yote miwili, akauvuta.

Plagi ikachomoka. Mstari wa kijani ukafa.

"Umefanya nini!" Githinji akapiga kelele. "Unajua inachukua muda gani kuipanga tena?"

Lakini Wacera alikuwa ameshatoka nje.

"Washeni simu!" akaita, akapanda juu ya tofali zilizorundikana. "Watu wa Umoja, washeni simu zenu! Wote! Walikuwa wameziziba kutoka hapa!"

"Msichana amechanganyikiwa," kijana wa kipaza sauti akatangaza. "Mvumilieni, ni uchungu."

"Mimi yangu ina netiweki!" Mama Sabrin akapaza sauti kutoka upande wa pili wa barabara, simu juu. "Imerudi! Nilisema ni hema!"

Watu wakatoa simu. Zikaimba zile nyimbo zao za kuamka, moja hapa, nyingine pale. Tingatinga lilikuwa limeinua kijiko juu, vumbi likimwagika kutoka kwenye meno yake.

Simu ya kwanza ikalia mara moja, ikanyamaza. Haikuwa ya Wacera.

Mzee mmoja wa kofia akaitazama yake. "Ni kijana wangu," akasema. "Kijana wangu ananiflashi."

Ya pili ikalia, ikanyamaza. Ya tatu. Nyingine nyuma, nyingine karibu na mti wa umeme. Zote zinalia mara moja tu, zinanyamaza. Hakuna aliyekuwa amewafundisha walioko chini kufanya hivyo pamoja. Kila mmoja aliwaza peke yake gizani, chaji ni kidogo, nitaflashi tu.

Wesonga akazima injini. Akashuka kutoka juu ya tingatinga, akakaa chini kwenye vumbi.

"Ningewachota," akasema. "Hao wote. Ningewachota na hii mikono."

Na mikononi mwa Wacera, simu ikalia. Mara moja. Ikanyamaza.

*

Akapiga. Akafungua spika, akainua simu juu, watu wote wakasogea na kunyamaza, safari hii bila kuambiwa.

"Siste?"

Sauti ilikuwa imekauka, ndogo, yenye mchanga ndani yake.

"Shirleen! Nipo. Tuko juu yako. Uko upande gani? Ulikimbilia ngazi?"

"Ningekimbiaje? Mlango ulikuwa na kufuli."

"Kufuli ya nani? Mlifungiana na majirani?"

"Si shem ndiye alifunga?" Shirleen akasema. "Hakukwambia?"

Wacera akahisi nywele zikimsimama. Kando yake, Githinji alikuwa ametoka hemani, na aliposikia neno shem akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Aliniambia nini?"

"Alikuja asubuhi. Akasema nisiende job, nimsaidie kitu kidogo. Anifungie kwa nje kama wale wengine, ajaribu kama mashine itaniona. Nikacheka, nikasema haya. Akafunga akashuka. Baadaye nikasikia wanapiga nguzo huko chini. Nyumba ikaanza kulia. Nikaita, shem, fungua! Nikampigia simu, ikakataa. Nikakupigia wewe, ikakataa. Zote zilikataa, siste, mpaka nyumba ikaanguka, ndio netiweki ikarudi. Mwambie..."

Kimya.

"Shirleen?"

Kioo kikaandika kwamba simu imekatika, na alipopiga tena, hapatikani. Na sasa hema lilikuwa limezimwa. Safari hii ilikuwa kweli chaji.

Wacera akageuka. Githinji alikuwa ameweka mkono juu ya mfuko wa suruali. Hakujua kwamba ameuweka. Mtu mwenye kitu mfukoni mwake hufanya hivyo.

"Toa," Wacera akasema.

"Wacera, nisikilize. Walikuwa wapige plasta tu, mzee aliniambia plasta..."

"Toa."

Akatoa. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, bado una kibandiko cha bei ya dukani.

"Mzee aliniuliza, 'Iko tupu?' Nikaangalia. Kuziba ilikuwa juu, haikumwona. Haikumwona Shirleen, na mimi mwenyewe nimemfungia! Sasa ningesemaje? Ningesema mbele ya mzee kwamba mashine haifanyi kazi?"

"Ukasema nini?"

"Nikasema iko tupu."

Wacera akainama akatapika pale pale, juu ya tofali, na hakuna aliyecheka. Alipoinuka akifuta mdomo kwa mkono, alisikia sauti moja tu. Sauti ya mawe yakiokotwa.

Jengo zima lilikuwa mawe. Hakuna aliyehitaji kutafuta.

"Mshikeni!"

"Amezika watoto wetu halafu akakaa kula smoki!"

"Tupishe, dada," Wesonga akasema. Alikuwa amesimama, na mkononi alikuwa na chuma cha tingatinga. "Wewe tupishe tu. Usiangalie."

Mzee Gachanja alikuwa tayari anarudi nyuma kinyumenyume kuelekea gari lake, mkono ulioumwa kwapani. Hakuna aliyemjali. Macho yote yalikuwa kwa Githinji, na Githinji alikuwa anatetemeka kama mbuzi wa sikukuu.

Wacera alitaka kupisha. Miguu yake yote ilitaka. Angependa kusogea kando hatua moja, ageuze uso, asikie tu.

Lakini aliutazama mlima ule wa zege na vyuma. Shirleen hana simu tena. Wote wale walioflashi, simu zao zitakata moja moja hivyo hivyo. Uanze kuchimba wapi? Ukivuta jiwe lisilofaa, unamshushia mtu lingine kichwani.

"Nani mwingine anajua kuisoma ile mashine?" akauliza.

"Achana na mashine!"

"Nauliza! Kuna mtu hapa anajua kuiwasha, aizungushe upande wa kuona, atuonyeshe wanapumulia wapi? Kama yupo ajitokeze, na huyu mchukueni. Mimi mwenyewe nitawashikia."

Watu wakatazamana. Mzee wa kofia akaushusha mkono, jiwe bado ndani.

"Hakuna," Wacera akasema. "Ni yeye tu. Mkimuua, mmewaua."

"Anatudanganya, ni bwana yake!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na umati ukasukumana mbele.

Ndipo Wacera akafanya jambo ambalo mwili wake wote ulilikataa. Akamwendea Githinji, akamfunika. Akamzungushia mikono kiunoni, akaegemeza kichwa kwenye kile kifua kilichonuka vitunguu na marashi, akampa umati mgongo wake. Alisikia moyo wa mtu yule ukipiga, mbio, hai kabisa, na akauchukia kwa kupiga.

"Ingia hemani," akamnong'oneza, meno yamekazwa. "Tembea nami. Utaiwasha, utawatafuta mmoja mmoja, na ukimaliza sitawazuia tena."

"Asante," Githinji akalia begani mwake. "Asante, mpenzi. Nilijua unanipenda."

Kupitia juu ya bega la Wacera, Githinji aliliona jiwe la kwanza likiondoka mkononi mwa mtu. Lilikuwa zege lenye chuma ndani, likija moja kwa moja.

Akamshika Wacera mabega kwa nguvu, akamgeuza uso uelekee jiwe, akamshikilia mbele yake kama ngao.